Jogoo Aliyelazwa Bondeni

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye miguu ya baridi asogee motoni. Mwenye mgongo wa baridi asogee motoni. Mwenye mikono ya baridi asogee karibu zaidi, tena asione haya, maana hadithi ya leo ni yake.

Hapo zamani za kale, enzi zile jogoo alipokuwa na kilemba cha nyama cha mviringo utosini, laini pembeni kama ukingo wa bakuli, palikuwa na kijiji mlimani kikiitwa Itambo. Itambo kulikuwa na baridi, na siyo baridi ya kujifunika shuka moja ikaisha. Kipupwe kilipoingia kilikaa miezi mitatu kama mgeni asiyejua kuaga, na kila alfajiri kilimwaga sakitu bondeni. Sakitu ni umande ulioganda, mweupe kama chumvi, ukiukanyaga unalia kwa-kwa-kwa chini ya unyayo.

Huko bondeni ndiko kila nyumba ilikokuwa na kinyungu chake, bustani ya matuta kando ya kijito, ambako watu walipanda maharage kipupwe kikishaondoka. Ukipanda mapema, sakitu inaunguza miche yote. Ukipanda kwa wakati wake, unakula mpaka unasahau njaa inafananaje.

Basi Itambo aliishi bwana mmoja, Mgaya, na mkewe, na binti yao aliyeitwa Twilumba. Twilumba alikuwa msichana mwembamba, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa mdomo. Ukimwambia jambo lolote, alikuwa na maswali yake matatu. Nani kasema? Kajuaje? Alikuwa wapi? Akiambiwa nyoka kaonekana kisimani, anauliza nani kasema, kajuaje, alikuwa wapi. Akiambiwa kesho kuna harusi, ni hayohayo. Baba yake alisema binti huyu angezaliwa kuku, angeuliza yai limetoka wapi kabla hajalitaga.

Nyumba ilikuwa moja kubwa ya mviringo, na jiko katikati. Mgaya alilala ubavuni mwa jiko, kwenye kitanda cha ngozi. Juu yake, kwenye mwamba wa paa uliopashwa joto na moshi, alilala Jogoo wa ukoo. Mama na Twilumba walilala mlangoni, kwa sababu, walivyoambiwa, ndio wanaotoka mapema. Upepo ukipita chini ya mlango, ulianza na wao.

Sasa tegeni masikio, maana hapa ndipo dhuluma ilipojificha.

Katika ukoo wa Mgaya, anayetangaza kwamba kipupwe kimekwisha alikuwa Jogoo. Babu alisema hivyo, na babu wa babu alisema hivyo. Jogoo akiwika wito wa msimu, kibuyu cha mbegu kinashushwa kutoka juu ya jiko, na mke wa nyumba anakwenda kupanda. Na miche ikiungua, haulizwi Jogoo. Anatazamwa mke. Wanasema ana mkono wa baridi. Mkono ukiua mbegu mara tatu, mwenye mkono anarudishwa kwao akaupashe moto, na wifi yake anakuja kukaa na kibuyu, na jembe, na chungu. Wangapi walikwisha kwenda kupasha mikono moto? Wengi. Wangapi walirudi? Hakuna.

Mwaka wa kwanza, Jogoo aliwika, mama akapanda kibuyu cha kwanza, sakitu ikaunguza. Watu wakasema, mkono wa baridi. Mwaka wa pili, Jogoo aliwika, mama akapanda kibuyu cha pili, sakitu ikaunguza. Watu wakasema, si tulisema? Mwaka wa tatu juu ya jiko kilibaki kibuyu kimoja tu.

Na asubuhi moja ya mwaka huo wa tatu, Jogoo alijinyoosha juu ya mwamba wake, akapiga mabawa, akawika: "Kipupwe kimekwendaaa. Mbegu bondeniii."

Mgaya aliamka akitabasamu. Alimtuma mpita njia akamwite dada yake, Shangazi Lugano, aje awe shahidi wa kupanda. Shangazi aliishi kilima cha pili, mwanamke mnene wa kicheko na mwingi wa habari, si mbaya wa roho. Ila alikuja na tenga lake, na ndani ya tenga mlikuwa na kitanda chake kimekunjwa. Twilumba alilitazama lile tenga, kisha akamtazama mama yake.

Kabla watu hawajanywa uji, mama alishuka bondeni kama alivyoshuka kila siku, na Twilumba akamfuata. Bonde lote lilikuwa jeupe. Mama alichutama kwenye tuta la kwanza, akauzamisha mkono kwenye udongo mpaka kifundoni, akafumba macho. Akakaa hivyo muda wa mtu kumenya kiazi. Kisha akautoa mkono, umekuwa wa kijivu, akasema neno moja.

"Bado."

Alikwenda tuta la pili, akauzamisha. Bado. Alikwenda tuta la tatu, akauzamisha. Bado.

Twilumba akauliza kama hivyo ndivyo anavyofanya kila alfajiri. Mama akasema ndivyo, tangu aolewe. Akauliza kwa nini basi hamwambii baba. Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Nilimwambia, mwanangu. Mwaka juzi nilimwambia, mwaka jana nilimwambia. Nikajibiwa kwamba mwenye mkono wa baridi kila kitu atakiona cha baridi."

Twilumba alisimama pale, mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na swali. Alikuwa na hasira. Mama kashika njia ya kupanda kilima, yeye bado kasimama.

Ndipo akasikia sauti ya chini kwa chini ikisema, "Ondoa mguu, binti, umesimama juu ya mlango wangu."

Aliruka pembeni. Palikuwa na kichuguu kidogo cha udongo, na kutoka humo ikachomoza pua ya Fuko, mnyama ambaye Itambo nzima ilimchukia kwa sababu ya kuwalia viazi.

Fuko alisema amesikia yote, kwa kuwa yeye hana kazi nyingine huko chini ila kusikia. Alisema mama ndiye mtu pekee wa juu anayebisha hodi kabla ya kupanda. "Mimi nafunga mlango wangu kwa udongo kipupwe chote. Siku udongo ukipata joto, naacha wazi, hewa ipite. Leo umefungwa au uko wazi?"

"Umefungwa."

"Basi mama yako kasema kweli. Jogoo wenu yeye anajuaje?"

Twilumba akamtazama Fuko. Fuko akamtazama Twilumba, ingawa haoni vizuri. Na maswali yote matatu yakamrudia yule binti kwa mkupuo. Alikishika kitenge chake, akapanda kilima mbio, wala hakuaga.

Alipofika uani, kibuyu kilikuwa kimeshashushwa. Baba kakipakata, Shangazi kaketi kwenye kigoda, Jogoo kasimama juu ya kinu, kilemba chake cha mviringo kinang'aa. Mama kasimama pembeni na jembe.

Twilumba alipiga magoti kwa adabu, akasema ana neno. Baba akamwambia mambo ya mbegu hayazungumzwi na watoto wa kike. Twilumba akauliza nani kasema. Shangazi akashika kiuno, akauliza huyu mtoto mdomo huu kaurithi kwa nani.

"Kwenu, wifi," alisema mama, akiliangalia jembe.

Hata Mgaya alicheka. Na mtu akishacheka, ni vigumu tena kukufukuza. Akamwambia binti yake aseme upesi, jua linapanda.

"Sina neno refu, Baba. Nataka kumuuliza Mzee Jogoo maswali matatu tu."

Jogoo alivimbisha kifua, akasema aulizwe hata kumi.

"Jana ulilala wapi?"

"Jikoni."

"Na juzi?"

"Jikoni."

"Na usiku wa kabla ya juzi?"

"Jikoni, kwani Jogoo wa ukoo alale wapi? Kwenye majani?"

Twilumba akamgeukia baba yake, bado yuko magotini. "Baba, Mzee Jogoo kasema kipupwe kimekwisha, na mimi sisemi kasema uongo. Jikoni kimekwisha. Jikoni hakijawahi hata kuanza. Tupande maharage jikoni."

Shangazi alijifanya anakohoa. Kilemba cha Jogoo kikazidi wekundu, akasema hajawahi kutukanwa hivi na mtu asiye na manyoya, na kwamba yeye, damu ya majogoo wa Itambo, anaijua baridi kwa mizizi ya mbawa zake, popote atakapolala.

"Popote?" aliuliza Twilumba.

"Popote."

"Basi alale bondeni siku tatu. Asubuhi ya tatu awike msimu, na mama atapanda bila neno. Miche ikiungua, mama ataondoka bila neno. Na mimi nitanyamaza mwaka mzima."

Ile ahadi ya kunyamaza mwaka mzima ndiyo iliyomvuta Mgaya. Alifikiri kidogo, akasema sawa. Lakini Shangazi akakumbusha kwamba bondeni kuna kicheche, na kicheche hajali ukoo wala nini, anachojali ni nyama. Nani atamlinda Jogoo? Twilumba alisema yuko tayari yeye. Kisha akasema, polepole, akitazama chini, ila sijui kama Jogoo wa ukoo analindwa na mtoto wa kike.

Mgaya akajibu papo hapo kwamba haiwezekani. Jogoo wa ukoo analindwa na mwenye ukoo. Atakwenda mwenyewe.

Wasikilizaji, ninyi mmeshaona. Yeye hakuona.

Basi Mgaya akalikunja blanketi lake moja, akambeba Jogoo kwapani, wakashuka bondeni. Kandokando ya kinyungu palikuwa na dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa, watu hukaa humo kuamia ndege wasile mazao. Wakapanda humo wawili, baba na Jogoo, wakavuta mlango wa nyasi.

Asubuhi ya kwanza Twilumba alishuka na uji. Dungu lilikuwa jeupe. Akaita hodi. Baba alitoa mkono kuchukua kata, mkono unatetemeka mpaka uji ukamwagikia ndevu, nao ukaganda humo humo. Twilumba akauliza kwa heshima kama kipupwe kimekwisha. Baba alisema hii ni sakitu ya bahati mbaya, ya siku moja tu. Jogoo alificha kichwa chini ya bawa. Twilumba akapita kwa Fuko. Mlango umefungwa.

Asubuhi ya pili Twilumba alishuka na uji. Dungu lilikuwa jeupe. Akaita hodi. Blanketi la baba lilikuwa limekakamaa, akilisimamisha linasimama lenyewe kama mtu wa tatu. Twilumba akauliza kwa heshima kama kipupwe kimekwisha. Baba alisema, amletee blanketi la pili, na kama kuna la tatu alete. Jogoo alifungua mdomo awike, ikatoka sauti ya mlango mkavu. Twilumba akapita kwa Fuko. Mlango umefungwa.

Asubuhi ya tatu Twilumba alishuka na uji. Dungu lilikuwa jeupe. Akaita hodi, pakawa kimya. Akaita tena, kimya. Akapanda ngazi, akachungulia. Baba kajikunja kama kiazi, na kifuani, ndani ya shati, kamficha Jogoo asife. Kichwa tu cha Jogoo ndicho kilichotokeza nje, na loo, kile kilemba cha mviringo! Sakitu ilikuwa imekimega. Imemega hapa, imemega pale, imeacha meno meno kama msumeno uliochakaa.

Twilumba alitaka kucheka, hakuweza. Alimwonea baba yake huruma, alimwonea hata Jogoo. Alikaa karibu yao, akawafunika kwa kitenge chake, hakuuliza lolote.

Baba ndiye aliyezungumza. Alisema, kwa meno yanayogongana, "Kila siku mama yako anakuja huku saa hizi?"

"Kila siku, Baba."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza udongo."

Mgaya alilisukuma blanketi pembeni. Akashuka dungu, akachutama kwenye tuta la kwanza, akatazama kushoto na kulia kama mtu anayetaka kuiba, akauzamisha mkono mpaka kifundoni. Akafumba macho. Alipoutoa, ulikuwa wa kijivu.

"Bado," alisema.

Wakapanda kilima, baba mbele, Jogoo kwapani, Twilumba nyuma na kata tupu. Uani, Shangazi Lugano, aliyelala siku hizo kwenye kitanda cha kaka yake kando ya jiko, alikuwa ameshakifungua kitanda chake na anatafuta pa kukiweka. Alipomwona kaka yake alikuja mbio kumsalimu. "Kamwene, kaka," akampa mkono. Alipoushika tu, akaruka nyuma kama kashika chura.

"Kaka, una mkono wa baridi!"

Hapo ndipo Twilumba alipoiona njia, imefagiliwa, imenyooka, inamsubiri yeye tu apite. Akapiga magoti.

"Pole, Shangazi. Sheria ni sheria. Tumfungie Baba mizigo arudi kwao akaupashe moto."

"Kwao wapi, wewe mtoto? Kwao si hapa?"

"Kama kwao ni hapa na mkono umepata baridi hapa," alisema Twilumba, "basi na wa mama umeipata hapa hapa. Hakuja nayo."

Shangazi alimtazama binti, akamtazama kaka, akautazama mkono wake mwenyewe, wa moto, uliotoka kwenye blanketi sasa hivi.

Mgaya alikuwa hacheki. Alikwenda pale mlangoni mkewe aliposimama na jembe, jembe alilolishika siku zote hizo tatu akisubiri kujua kama bado ni lake. Akauweka mkono wake wa kijivu juu ya mkono wa kijivu wa mkewe, ikawa haijulikani upi ni wa nani.

"Mama Twilumba," alisema, mbele ya dada yake, mbele ya binti yake, mbele ya Jogoo, "mkono wako haukuipeleka baridi bondeni. Uliikuta huko, ukaja kuniambia, nami nikawa nimelala karibu na moto. Kibuyu hiki hapa. Utakiweka wewe, na siku ya kupanda utaisema wewe."

Mama alikipokea kibuyu, akakipangusa vumbi kwa ncha ya kitenge. Watu wote wakamngoja aseme neno kubwa. Alisema, "Kaa motoni kwanza, Baba Twilumba, vidole visije vikakatika." Kisha akamgeukia wifi yake, akamwambia kwa kuwa kitanda kimekwisha kufunguliwa, alale, maana kupalilia kutahitaji watu.

Shangazi alilala. Tena alilala mlangoni, na upepo wa chini ya mlango ukaanza na yeye. Siku ya pili yake alitandika upande wa jiko bila kumwomba mtu ruhusa, akawavuta mama na Twilumba wasogee pia, na Mgaya akabaki na nafasi ya ukubwa wa kigoda. Alinung'unika kidogo. Hakuna aliyemsikiliza.

Wakangoja. Siku ya kwanza, mama alisema bado. Siku ya tano, mama alisema bado. Siku ya tisa walishuka bondeni wote, na nyasi zilikuwa na umande wa kawaida, unaolowanisha tu miguu. Mfyulisi, ule mti wa pichi ulio karibu na kijito, ulikuwa umetoa maua ya waridi kwenye matawi makavu. Twilumba alikimbilia kwa Fuko. Mlango uko wazi, na ndani kabisa mtu anakoroma.

Mama aliuzamisha mkono kwenye tuta la kwanza. Akafumba macho. Mgaya naye akachutama kwenye tuta la pili, akauzamisha wake, akawa anamchungulia mkewe kwa jicho moja, kama mwanafunzi anayemtazama jirani.

"Sasa," alisema mama.

"Nami nilitaka kusema hivyohivyo," alisema Mgaya, na Shangazi akamwambia anyamaze achimbe.

Wakapanda kibuyu kizima. Mama alitia mbegu, Mgaya alifukia, Shangazi aliimba vibaya. Maharage yaliota, yakapanda, yakatoa maua, yakazaa mpaka matenga yakakosekana, ikabidi hata lile tenga la Shangazi litumike. Vikajazwa vibuyu vitatu vya mbegu, vikatundikwa juu ya jiko. Wake wa Itambo walipopata habari, nao wakawauliza waume zao kama wangependa kulala bondeni siku tatu. Hakuna aliyependa. Mkono wa baridi haukutajwa tena. Kwenye pembe ya kinyungu Twilumba aliacha mstari mmoja wa viazi, haukuvunwa, na kila mtu alijua ni wa nani.

Na Jogoo? Jogoo aliapa. Alisema, mimi nitatangaza alfajiri, kwa kuwa alfajiri naiona kwa macho yangu. Msimu waulizeni walioshika udongo. Tangu siku hiyo hajatangaza msimu tena. Tangu siku hiyo kilemba chake kina meno. Na tangu siku hiyo, mtazameni kesho mkiamka, kabla hajala punje hata moja anaparua ardhi kwanza kwa kucha, mara moja, mara mbili, mara tatu, anainamisha kichwa, anasikiliza.

Twilumba yeye hakunyamaza mwaka ule, wala uliofuata. Mtu akimwambia ndivyo ilivyo, bado anauliza. Nani kasema? Kajuaje? Alikuwa wapi?

Mkiniuliza mimi, nilikuwa juu ya mfyulisi, nikila maharage mabichi. Yaliponiishia, na hadithi yangu ikaishia hapo.